Karatasi Isiyojua Kukataa

Pikipiki ilikata kona nyuma ya maghala, ikagonga pipa la taka, ikaenda chini.

Sindano alifika kabla dereva hajainuka. Bastola mkononi, mguu juu ya boksi lililodondoka. Kazini walimwita Sindano kwa sababu ni mwembamba na huingia pasipoingilika.

"Sina kosa, dada. Mimi nabeba tu."

"Basi tulia, mbebaji."

Alichana boksi. Karatasi za kupimia sumu ya arseniki kwenye maji ya visima, zote ndani ya mifuko ya nailoni inayoonyesha ndani.

Karatasi halisi huharibiwa na jua, ndiyo maana hufungwa kwenye pakiti nyeusi. Aliyetengeneza hizi hakulijua hilo. Vilikuwa vipande vya karatasi tupu, na hata juu ya sumu vingebaki vyeupe pe.

Kwa karatasi kama hizo mkandarasi wa visima, mwenye mzigo huu, alikuwa amepitisha visima kwa miaka. Kila pampu aliipaka kijani, maana yake kunyweni. Mojawapo ilikuwa uani kwa mama yake Sindano.

Redio ilikoroma. Mkuu wa kikosi chake cha polisi.

"Umempata?"

"Nimempata. Mzigo ni feki."

"Mkandarasi anazindua kisima hospitali ya wazazi sasa hivi. Bomba likifunguliwa, wodi zote zinakunywa. Ila usimguse bila ushahidi. Ana mawakili wengi kuliko nywele zangu."

"Kwani una nywele, Mkuu?"

"Nenda."

Uani mwa hospitali watu walikaa chini ya turubai. Mkandarasi, suti ya buluu, aliinua chupa ya kipimo. Ndani maji, tindikali na unga wa zinki; kwenye mdomo wa chupa, karatasi. Sumu ikiwamo, gesi hupanda na karatasi hugeuka njano, kisha kahawia.

"Nyeupe," alitangaza. Kisha akanywa glasi nzima ya maji yale kwa mbwembwe. Makofi.

"Arseniki haina haraka." Sindano alikuwa akipita katikati ya viti. "Kunywa kila siku miaka kumi, viganja vikuote sugu, halafu nitakuomba radhi."

Mlinzi alimkabili. Sindano alimkunja mkono, akamkalisha kwenye kiti kilichokuwa wazi.

Akaweka mezani chupa ya maji aliyoyachota njiani.

"Haya yametoka shimo la mgodi wa zamani. Mnajua mbuzi walioyanywa walikufa. Yapime kwa karatasi yako."

Mkandarasi aliyatazama maji.

"Hiyo ni kazi ya maabara."

"Ya hapa mbona umepima mwenyewe?"

Muuguzi mkuu, mama wa makamo, alimpokonya karatasi, akapima. Walisubiri.

Nyeupe pe.

"Maji yaliyoua mbuzi," muuguzi alisema polepole, "na karatasi yako inasema ni salama?"

"Karatasi yake haijui kukataa," Sindano alisema. Akatoa mfukoni pakiti nyeusi ya karatasi halisi, akaichana, akapima upya maji ya mgodi na ya hospitali. Safari hii kusubiri kulikuwa kuzito zaidi.

Ya mgodi, kahawia iliyokolea. Ya hospitali, kahawia.

"Funga bomba," muuguzi alimwambia fundi. "Nina wajawazito humo ndani."

Mkandarasi alitimua mbio. Sindano alinyoosha mguu, suti ya buluu ikalamba vumbi. Pingu zikalia.

"Mkuu, kazi imekwisha."

"Safi. Kapumzike."

Alivaa miwani ya jua, akatoka getini bila haraka. Barabarani alipiga simu.

"Mama, usinywe tena maji ya kisima. Mwaga yote yaliyomo ndani."

"Kwa nini, mwanangu? Si walikipaka kijani?"

"Walitudanganya. Viganja vyako vikoje?"

"Vina sugu tu, vimekuwa vigumu. Ni jembe hilo."

Sindano alisimama katikati ya barabara. Gari lilimpigia honi, hakusogea. Jembe mama yake aliliacha kabla kisima kile hakijachimbwa.