Vidole Vinarudi

"Weka tena."

Madoa akaweka kidole tena. Kitaa cha mashine ya alama za vidole kikawaka chekundu, mara ya sita sasa.

"Kifute kwanza."

Akakifuta kwenye aproni, akakibonyeza juu ya kioo mpaka ukucha ukawa mweupe. Chekundu.

"Mashine haikujui," msimamizi akasema, akapiga mstari kwenye karatasi yake.

"Hainijui vipi na nina miaka mitatu hapa? Wewe mwenyewe si unanijua?"

"Mimi si mashine."

"Pasipoti yangu iko kabatini kwako. Ina picha yangu, ina kila kitu!"

"Picha siku hizi si kitu, wanataka kidole. Ijumaa asubuhi watu wa uhamiaji wanakuja kuhakiki. Asiyesomeka siku hiyo anaondoka nao. Anayefuata!"

Watu arobaini waliokuwa nyuma yake kwenye foleni wakaanza kutazama vidole vyao.

Jina la Madoa alilipata humo humo kazini, huko ugenini. Kiwanda kile kikubwa cha dobi kilifua shuka za hospitali na hoteli, na yeye alikaa kwenye meza ya madoa: damu, mvinyo, wino, vyote aliving'oa kwa dawa kali inayochoma pua. Glovu waligawiwa mbili kwa mwaka, na zilitoboka ndani ya mwezi. Sasa aliinua mkono kwenye mwanga akatazama ncha za vidole vyake. Zilikuwa laini kama mgongo wa kijiko. Miaka mitatu yote dawa ilikuwa inamla na yeye hana habari.

Akatazama foleni kumtafuta mtu mmoja tu, Fundi Boila wa mtambo wa mvuke, mchumba wake. Hakuwepo. Akampigia.

"Uko wapi?"

"Huku kwenye boila. Presha inacheza, siwezi kutoka."

"Wote tunaandikishwa leo."

"Nitakuja kesho. Mbona sauti yako hivyo?"

Hapo machozi yakamtoka. "Mashine imesema sipo."

Fundi akasema taratibu, "Upo, Madoa wangu. Mimi nakuona kila siku."

Aliyemwokoa siku ile alikuwa Bi Mkunjo, mama mtu mzima wa meza ya kukunja shuka. Alimvuta chooni, akafunga mlango, akamwonyesha vidole vyake mwenyewe.

"Mimi nilishapotea hivi hivi, huko nilikokuwa zamani. Vidole vinarudi, mwanangu. Ila vinataka mapumziko. Visiguse dawa, visiguse maji ya moto, na upake mafuta asubuhi, mchana na jioni."

"Siku nne zitatosha?"

"Hilo usiniulize. Wewe paka. Na kuanzia leo mimi nakaa meza ya madoa, wewe unakunja."

"Msimamizi je?"

"Aproni moja, kilemba kimoja. Tangu lini yule akatutazama usoni?"

Kweli, msimamizi alipita kati yao mara nne siku ile, akamwita Bi Mkunjo Madoa, akaendelea na safari yake. Wangecheka kama wasingekuwa wanatetemeka.

Mchana wa Jumanne Fundi Boila alimkalisha kwenye benchi nyuma ya boila, akamimina mafuta kiganjani na kumsugua kidole kimoja kimoja.

"Hiki cha kwanza kinaitwa Mvivu," akasema. "Hiki Mbishi, kimefanana na mwenyewe."

"Usinichekeshe. Naogopa."

"Usiogope. Nipo."

"Wewe umeshaandikishwa?"

"Kesho."

Simu ya Madoa ikalia. Ulikuwa ujumbe wa mama yake: *Wajomba wanauliza ukoo wa huyo mchumba. Miezi kumi sasa, mbona hatuambiwi hata jina la babu yake? Au kaota kama uyoga?*

Akamsomea. Fundi akacheka, lakini jasho jembamba lilimtoka juu ya mdomo.

"Mwambie asubiri kidogo. Halafu, Madoa, naomba kachupa ka ile dawa yako. Dirisha la chumbani kwetu limeota ukungu."

Mtoto wa watu akamletea jioni ile ile, kaificha ndani ya soksi.

Jumatano Madoa alipuliza pumzi kwenye kioo cha chooni, akabonyeza vidole vyote. Cha mwisho cha mkono wa kushoto kiliacha vimistari, hafifu mno. Alivitazama mpaka vikafutika.

Alhamisi mchana alimkuta Fundi amevaa glovu nene za ngozi, zile za kufungulia mlango wa boila.

"Leo hunipaki mafuta?"

"Jipake mwenyewe. Nina haraka."

"Vua glovu."

"Nimeungua kidogo na mvuke."

"Basi vua nione."

"Madoa, acha!"

Hakuacha. Aliivuta glovu, Fundi akaguna kwa maumivu. Ncha zote tano zilikuwa zimebabuka, nyekundu, ngozi imejikunja pembeni. Na harufu ile Madoa hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa amelala nayo na kuamka nayo miaka mitatu.

"Ile chupa," akasema. "Ulisema dirisha."

Fundi akatazama chini.

"Mimi nakesha na mafuta nivipate vyangu, wewe unaviunguza vyako vizima? Na dawa nikuletee mimi mwenyewe? Kwa nini?"

Kabla hajajibu, simu yake iliyokuwa kwenye benchi ikawaka. Madoa akaiwahi.

*Mume wangu, mtoto ameng'oka jino la kwanza leo, anataka kukuonyesha. Mbona hupigi hata siku moja? Unaniandikia tu. Nimekukosea nini?*

Madoa akaishusha simu. Akakaa.

"Una mke."

"Sina."

"Mtoto kang'oka jino, unaniambia huna!"

"Si wangu. Ni wa mwenye jina."

"Jina gani?"

"Hili lililo kwenye kitambulisho changu. Mwenyewe amekufa."

Boila lilikuwa likinguruma nyuma yao, na Fundi alisema yote kwa sauti ya chini, macho mlangoni. Kabla ya dobi alifanya kazi kwenye machimbo ya kokoto. Kibali chake kilikuwa kimeisha. Rafiki aliyelala naye chumba kimoja, mwenye kibali cha miaka miwili, aliangukiwa na mwamba.

"Mnyapara akaniambia, marehemu hahitaji kibali. Mzike kwa karatasi zako, wewe chukua zake. Nikakubali, Madoa. Machozi hayajakauka, nikakubali. Nilipokuja hapa msimamizi aliitazama picha, akanitazama mimi, akasema sawa. Kwao sote sura moja."

"Na kwenu?"

"Mnyapara ndiye aliyepiga simu kwetu. Nilikuwa nimesimama pembeni. Nilimsikia mama yangu akipiga yowe. Ananililia mimi, na mimi niko pale nasikia."

"Hukumpigia?"

"Nilijiambia wiki moja tu ipite. Ikapita. Kila siku ikawa ngumu kuliko jana. Sasa ni miezi kumi na minne. Alama za marehemu wanazo, zilichukuliwa alipoingia. Nikiweka vyangu kesho, nimekwisha. Vikiwa vimeungua, msimamizi atasema ni mvuke, atanitetea. Lakini mkewe matumizi hayajamkatikia hata mwezi mmoja, naapa."

"Sijakuuliza matumizi! Nimekuuliza mtu!"

Madoa aliogopa mambo mawili kwa pamoja. Aliogopa kwamba kesho watamchukua mwanamume huyu, na aliogopa kwamba hata wakimwacha, hatajua ni nani aliyeachwa. Alimpenda.

"Nikaolewe na nani? Nimpelekee mama yangu jina la kaburini?"

"Unataka nifanye nini?"

"Mpigie huyu mwanamke. Sasa hivi, nikisikia. Mwambie kwamba ni mjane."

Fundi alibonyeza kwa kidole kilichobabuka, akaweka sauti ya nje. Simu haikuita hata mara mbili.

"Haloo? Mume wangu?"

"Shemeji."

Huko nyuma mtoto alikuwa anacheka peke yake.

"Wewe si mume wangu."

"Hapana, shemeji. Mimi ni mwenzake wa machimbo."

"Amekufa lini?"

"Mwaka jana. Nisamehe, shemeji."

"Ndiyo hiyo," yule mwanamke akasema, na sauti ikaanza kukatika. "Mume wangu tangu anioe hajawahi kuniomba samahani. Wewe kila ujumbe samahani, samahani. Nilijua. Nikaogopa kuuliza, nikaona bora niendelee kuandikiwa. Amelala wapi?"

"Nyuma ya machimbo. Amelala kwa jina langu."

"Basi mrudishie lake. Nasema mrudishie! Mwanangu atakuja kumtafuta baba yake siku moja, atasoma jina la nani?"

Akakata. Fundi alibaki ameishika simu mbele ya mdomo kama bado kuna mtu. Baada ya muda mrefu alimwinamia Madoa, akamnong'oneza jina lake, la baba yake na la babu yake. Madoa alichukua kile kichupa cha mafuta, akaanza kumpaka.

Ijumaa maafisa wawili walikaa mezani, mmoja na kompyuta, mwingine na pingu kiunoni. Nje kulikuwa na gari lenye vioo vyeusi, injini haijazimwa. Hata mashine za kufulia zilikuwa zimezimwa.

Madoa aligeuka nyuma. "Toroka," akanong'ona. Jana alikuwa na hasira, leo alikuwa na woga mtupu. "Mlango wa jikoni uko wazi. Nimeuangalia. Nenda."

"Nimechoka kuwa marehemu," Fundi akamjibu.

Zamu ya Madoa ikafika. Gumba la kulia, chekundu. Cha pili, chekundu. Vyote vitano vikagoma. Mwenye pingu akasogeza kiti.

"Mkono mwingine," wa kompyuta akasema.

Gumba, chekundu. Cha pili, cha tatu, cha nne, vyekundu. Akaweka kile cha mwisho, kidogo, akaacha kupumua.

Kijani.

"Upo. Pita. Anayefuata."

Huko nyuma Bi Mkunjo alijikohoza ili asilie. Madoa hakuweza kufurahi. Alisimama kando ya ukuta, akatazama Fundi Boila akifungua vitambaa alivyojifunga mikononi na kuweka vidole. Chekundu, chekundu, chekundu. Vyote kumi.

"Huyu mvuke umemla," msimamizi akaingilia haraka haraka. "Mwandikeni tu kwa kitambulisho. Ni fundi wangu wa boila, bila yeye hakufuliki kitu hapa."

Afisa akakitazama kitambulisho, akamtazama Fundi, akainua mabega. Vidole vyake vikaanza kuandika. Yaani mambo yalikuwa mepesi hivyo. Madoa mwanamke wa madoa walitaka kumpakia kwenye gari, fundi wa boila anaandikwa tu. Na Madoa, Mungu amsamehe, aliomba moyoni: nyamaza, mpenzi wangu, nyamaza tu.

"Hapana, bwana," Fundi akasema. "Hilo si jina langu."

Msimamizi akageuka. "Umerogwa?"

"Lako ni lipi?" afisa akauliza.

Fundi akayataja majina yote matatu, kwa sauti ya kusikika mpaka mwisho wa foleni. Afisa akatafuta.

"Halipo kwenye orodha ya kibali chochote."

"Liko kwenye kibao cha kaburi, nyuma ya machimbo ya kokoto. Aliyelala pale ni mwenye kitambulisho hiki. Ana mke, ana mtoto. Naomba kibao kibadilishwe. Mimi nipelekeni mnapopeleka watu."

Walimpeleka. Pingu zilipofungwa alimtafuta Madoa kwa macho, akamwona, akainua vidole vyake viwili vya kwanza, Mvivu na Mbishi. Gari likaondoka.

Wiki sita zikapita. Simu yake haikupatikana. Kila gari lililosimama nje lilimkata Madoa maini, na hakuna aliyejua kitu, wala ofisi iliyokubali kumjibu mtu asiye mke wala ndugu. Alipungua mpaka aproni ikamzunguka mara mbili. Alikunja shuka, akapaka mafuta, akangoja.

Siku moja mchana simu ikaita, namba ngeni.

"Haloo? Ndiwe Madoa?" Ilikuwa sauti ya mama mtu mzima.

"Ndimi, mama."

"Kuna mtu hapa kwangu. Amekaa mezani, amekula sahani mbili. Anasema ni mwanangu. Majirani wamekimbia, mmoja hajarudi mpaka sasa." Sauti ikatetemeka. "Nimemgusa uso, nimegusa kovu la goti. Lakini nikimshika mikono, hii mikono siijui. Vidole havina kitu. Naogopa, mwanangu. Nilishalia nikamaliza, sina machozi ya mara ya pili. Yeye anasema nikuulize wewe. Je, ndiye?"

Madoa akaegemea rundo la shuka.

"Amekutajia jina lake, mama?"

"Ametaja."

"Na la babu?"

"Na la babu."

"Basi ndiye. Mimi ni shahidi. Ndiye, mama."

Yule mama alilia sana, na huko nyuma Madoa alisikia kilio kingine, cha mwanamume, anachokijua.

"Na hivi vidole?" mama akauliza baadaye.

"Mpake mafuta asubuhi, mchana na jioni. Vidole vinarudi."

"Hayo mafuta njoo umpake mwenyewe. Msiba wake niliufanya bila kumwona. Harusi yake siifanyi bila kukuona wewe."

Madoa alivua aproni, akaikunja vizuri, akaenda moja kwa moja ofisini.

"Naomba pasipoti yangu."

Msimamizi alifungua kabati, akazitazama pasipoti zilizopangana humo, akakuna kichwa. "Wewe jina lako nani vile?"

Akamtajia lote, lake, la baba yake na la babu yake, akasimama pale pale mpaka akaipata.