Jakuzi la Afande Matia

Asubuhi za Mafubira ni tulivu, nanyi mnaoishi upande huu wa Jinja mnalijua hilo. Jumamosi ile Janepher alikuwa ameketi barazani akichambua karanga, redio ikiimba taratibu dirishani, na harufu ya mandazi ya Hajati Twaibah ikivuka ukuta kutoka nyumba ya pili bila kuomba ruhusa ya mtu. Harufu hiyo ndiyo jirani pekee aliyeingia katika ua ule.

Maana mume wake, Matia Wanyama, askari magereza mstaafu kutoka Mbale, alikuwa na ugonjwa wa geti. Mnaufahamu ugonjwa huo? Alipoinunua nyumba, jambo la kwanza lilikuwa kuinua ukuta. La pili, kupanga vipande vya chupa juu yake. La tatu, kufuli kubwa, ambayo ufunguo wake ulilala mfukoni mwa suruali yake mchana na usiku. Ukimuuliza sababu, alikwambia kwamba ameishi na wezi maisha yake yote ya kazi na anawajua kwa kuwatazama tu. Taabu ni kwamba kila alipomtazama jirani, alimwona mfungwa.

Janepher alimvumilia, kwa sababu alikuwa mume mwema kwa mengine yote. Lakini moyo wake ulikuwa umebaki Malukhu, kule Mbale, walikoishi zamani. Kule mama wa jirani aliingia jikoni kwake bila kubisha, akafunua sufuria, akasema chumvi imepungua, na kweli ilikuwa imepungua. Hapa Mafubira mwaka ulikuwa umepita na Janepher alikuwa hajawahi kukanyaga ua wa Hajati, mjane mwenye duka la juisi na barafu ambaye alimsalimu kila walipokutana njiani.

Sasa furaha ilikuwa inabisha hodi. Juliet, binti yao, alikuwa anamleta mchumba wake nyumbani pamoja na ukoo mzima wa kijana huyo. Hema la wageni lilihitaji nafasi, na nafasi yote ya ua wa nyuma ilikuwa imekaliwa na jakuzi.

Kitu hicho kiliachwa na Mzungu aliyepanga pale zamani, mtu wa kupeleka watalii mtoni. Lilikuwa beseni la faiba la kutosha familia nzima kukaa, limezungushiwa mbao, na chini yake kuna pampu na mtambo wa kupasha maji moto. Mzungu aliporudi kwao, jakuzi lilibaki na wenyeji wapya, yaani vyura. Matia alisema atalibomoa mwenyewe.

"Baba Juliet, si tuite vijana hapo barabarani?" Janepher alimshauri. "Shakul, mtoto wa Hajati, anafanya kazi ya useremala."

"Wakishaingia, wataona kila kitu tulicho nacho," Matia alijibu. "Kazi hii ni ya mtu mmoja."

Jioni ya kuamkia Jumamosi, Hajati Twaibah mwenyewe alikuja kugonga geti. Matia alifungua kile kidirisha kidogo tu, akabaki anachungulia kama yuko zamu.

"Salaam aleikum, Afande. Nasikia mnatoa ile jakuzi. Kuna neno moja nataka kukwambia, ule waya yake..."

"Hajati, nisamehe," Matia alimkatiza. "Kama ni waya, hapana waya ya kugawa hapa. Mbao pia hapana."

"Sikuja kuomba, ssebo, bwana wangu," Hajati alisema, akajifunga leso yake vizuri na kwenda zake. Janepher aliyaona yote akiwa barazani, na uso ukamshuka kwa aibu. Alitaka kumkimbilia, amuulize neno lenyewe ni lipi. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Matia. Akarudi jikoni kugeuza ndizi za matooke, na neno la Hajati likaondoka na Hajati.

Basi Jumamosi Matia aliingia kazini. Kwanza alikwenda ndani, akazima swichi kuu. Redio ya dirishani ikakatika katikati ya wimbo.

"Umesikia?" alimwambia mkewe, akiwa amejaa furaha. "Umeme hakuna. Mimi si mjinga."

Na hapo, wapenzi wasomaji, msimcheke. Nani kati yetu asingeamini redio iliyonyamaza?

Alichota maji ya kijani kwa ndoo mpaka akachoka, akaacha kidogo chini. Akang'oa mbao kwa nondo. Akararua sponji ngumu ya njano iliyofunika mabomba, vumbi lake likamwasha shingoni. Kisha akasimama ndani ya tope akiwa na kandambili, akaushika ule waya mnene unaoingia kwenye pampu, akaubana kwa koleo.

Janepher alisikia sauti ambayo hakuwahi kuisikia ikitoka kwa mumewe, mkoromo wa mnyama. Karanga zikamwagika. Alimkuta Matia amesimama anatetemeka, macho yamemtoka, mkono umegandia kwenye koleo. Alipiga ukelele, akanyoosha mikono amvute.

"Mama Juliet!" Sauti ya Hajati ilipasua juu ya ukuta. "Usimguse! Kama ni jakuzi, usimguse! Umeme yake iko kwangu, nakwenda kuzima!"

Kusimama pale bila kumgusa mume wake lilikuwa jambo gumu kuliko yote ambayo Janepher aliwahi kufanya, kuliko hata kumzaa Juliet. Alijishika mikono mwenyewe. Aliomba kwa sauti, maneno yasiyo na mpangilio, Mungu wangu, Baba Juliet, Mungu wangu. Halafu Matia akaanguka chali matopeni kama gunia, na mkono wake ukafunguka.

Sasa majirani walikuwa getini, wanasukuma, na kufuli haikujali. "Ufunguo!" walipiga kelele. Shakul hakungoja. Alitupa godoro la kitanda chake juu ya zile chupa za ukutani, akapanda, akaruka ndani. Chupa moja ilipenya godoro ikamchana mkono, lakini alikuja mbio damu ikimtiririka, akapiga magoti kando ya kifua cha Afande na kuanza kukisukuma kwa viganja, hesabu mdomoni.

"Mama, tafuta ufunguo," alisema bila kuinua kichwa. "Hapana lia. Yeye atapumua."

Janepher alitia mkono katika mfuko uliolowa, akautoa ufunguo, akaenda kulifungua geti kwa mara ya kwanza kwa mkono wake. Mtaa mzima ukaingia. Hakuna aliyetazama walicho nacho. Waliomwona Matia anakohoa na kuvuta pumzi walisema "Alhamdulillahi" na wengine "Asante Yesu" kwa wakati mmoja, wakambeba hadi kwenye pikapu ya muuza matofali, na pikapu ikaenda hospitali.

Siri ya waya ilikuwa hivi. Zamani dhoruba iliangusha laini ya nyumba ile, na Mzungu alimwomba Hajati amvutie umeme kutoka kwake ili jakuzi lisizime. Waya ukapitishwa katika tundu chini ya ukuta, ukabaki hapo miaka yote, ukiwa umeunganishwa na laini ya friji ya juisi. Hajati alilieleza hilo wodini, akilia.

"Ningezima mimi mwenyewe," alisema. "Nilidhani utaita fundi, na friji ilikuwa imejaa, nikaogopa juisi itaharibika. Nisamehe, Afande."

Matia alikuwa amelala, kiganja kimefungwa bendeji nene. Mzee yule aliugeuza uso ukutani, mabega yakatikisika, kisha akamgeukia yule mama.

"Ulikuja kuniokoa nikakuita mwombaji," alisema. "Mimi ndiye wa kuombwa msamaha? Webale, Hajati. Asante sana, webale nnyo."

Alipokuwa bado kitandani, majirani waliimaliza kazi. Fundi wa umeme aliukata waya pande zote mbili. Shakul, mkono una plasta, aliikata faiba kwa msumeno, yeye na wenzake wamejifunga vitambaa puani. Mmoja alitaka kuchoma sponji nyuma ya migomba, Hajati akamfokea kwamba moshi wa kitu kile utawaua watoto wa mtaa. Wakaitia kwenye magunia, wakaipakia na faiba kwenye lori, ikapelekwa kwenye jaa la mji badala ya kutupwa mtaroni. Pampu ilikwenda kwa muuza chuma chakavu. Mbao walizipanga vizuri kando ya jiko, hakuondoka nazo hata mmoja.

Siku ya Juliet, hema lilisimama pale palipokuwa jakuzi. Hajati Twaibah aliketi mbele kabisa, upande wa mama wa binti, na juisi yake ndiyo iliyonywewa na wakwe. Matia alisimama kuwakaribisha wageni. Aliinua kile kiganja chenye kovu, akasema, "Mnaniona nimesimama hapa. Nimesimama kwa sababu ya watu wa nyumba ya pili." Akaketi. Hotuba aliyoandaa ilikuwa ndefu kuliko hiyo, lakini ilibaki mfukoni.

Wiki iliyofuata Janepher aliamshwa na sauti ya nyundo. Alitoka mbio, roho juu, akamkuta mumewe amechuchumaa mbele ya ukuta, pale penye tundu la waya, analipanua tofali kwa tofali. Upande wa pili Shakul alikuwa anapima fremu ya mlango, iliyotengenezwa kwa mbao za jakuzi.

"Tutaweka kufuli gani, Afande?" Shakul aliuliza akimtania.

"Weka kitasa tu," Matia alisema. "Mama Juliet anataka kwenda kuonja chumvi."

Mafunzo

Ndugu zangu wa Jinja, wa Mbale na popote mnaponisoma, ukitaka kubomoa chombo cha umeme, jua kwanza umeme wake unatoka wapi, na umwite fundi aukate. Usiamini redio. Ukimaliza, usichome usichokijua na usitupe mtaroni kinachoziba maji ya wenzio.

Hayo ni ya mikono. La moyo ni hili: kujitenga na majirani ni ulevi kama ulevi mwingine, na mwenye nao hujiona mwerevu mpaka siku ya kuanguka. Anayegonga geti lako huenda amekuja kuomba, na huenda amekuja kukupa uhai wako. Huwezi kujua kwa kuchungulia. Mfungulie, mwache amalize sentensi yake. Na kama yupo aliyewahi kuruka ukuta kwa ajili yako, nenda leo ukamshukuru, ukiwa bado unapumua.