Nguzo za Cheptiret

Sikuwa na nyumba. Ilichomwa Januari 2008, katika ghasia za kikabila za baada ya uchaguzi.

Sikuwa na vyeti. Diploma niliyoihangaikia kwa masomo ya jioni, nikiwa tayari baba wa watoto, iliungua humo humo.

Sikuwa na vyombo vya kazi, ila pima maji ya kuazima.

Na sikuwa mwanachama wa chama cha wahandisi. Hilo sikulihesabu kama upungufu.

Nilichokuwa nacho ni kazi moja, kuezeka upya shule iliyochomwa pale Cheptiret, ikabaki nguzo. Kazi ya kunirudishia jina.

Ndipo Kiptoo akasimama mbele ya wazazi wote...

"Wazazi, msikubali Mzee Mungai aweke paa juu ya hizo nguzo."

Jamani, Kiptoo! Kijana niliyemfundisha kusoma ramani ya nyumba, sasa naye mhandisi. Mimi Mkikuyu, yeye Mkalenjin, na Januari ile ni yeye aliyetufunika na turubai kwa pickup yake, akatupitisha vizuizi vya barabarani hadi showground, uwanja wa maonyesho walikokimbilia waliochomewa.

Nikamjibu watu wakisikia.

"Nyumba yangu mlichoma. Sasa mnataka na sahani yangu?"



Nilisema *mlichoma*. Mtu aliyeniokoa, nikamtia kundi moja na waliokuja na petroli.

Mama Jepchirchir, mwenyekiti wa wazazi, akainamisha kichwa.  Kiptoo aliomba nyundo kwa fundi, akanishika kiwiko hadi nguzo ya mwisho, mbali na watu.

"Piga, Mzee."

Nikapiga. Nguzo nzima hulia kama chuma. Hii ilijibu kama gunia la mahindi. Kipande kikadondoka, na ndani simiti ilikuwa imegeuka rangi ya waridi.

Akanieleza kwa sauti ya chini kwamba moto mkali huiua simiti ingawa nguzo bado imesimama. Paa lingekaa hadi siku ya upepo. Na chini yake wangekuwa watoto.

"Ulijulia wapi?"

"Kwa chama."

Chama hicho nilikijua. Alikuwa amenialika zaidi ya mara moja. Wana desturi yao: kabla ya ajenda, mwanachama husimama na kueleza kosa alilofanya kazini, ili wengine wasilirudie. Nilipoisikia nilicheka. Mimi niliyesoma kwa taa ya chemni, nisimame mbele ya vijana wa chuo kikuu nitangaze ujinga wangu? Nilimwambia aende akatubu na watoto wenzake.

Sasa, nyundo ikiwa mkononi, kiburi bado kilinisukuma kuuliza ni mjinga gani aliyeleta kosa hilo la moto.

Kiptoo akatazama viatu vyake.

"Ni mimi, Mzee. Ghala kule Soy. Niliezeka juu ya kuta zilizoungua, likaporomoka Jumapili watu wakiwa kanisani. Nilidhani chama kitanifukuza. Badala yake walikuja na nyundo zao, tukakagua kila jengo nililogusa."

 Yeye akaendelea.

"Leo walitaka tuje wote. Nikawaomba nije peke yangu, nisikuaibishe. Jana nilikuja kwako tuongee wawili. Ukakataa kutoka."

Ni kweli. Nilimsikia akibisha. Nilidhani ameleta tena mambo ya chama, nikamtuma mke wangu aseme nimelala.

Wasomaji wangu, nimewahi kuaibika, lakini siku hiyo nilitamani ile nguzo iniangukie mimi peke yangu.

Nilirudi kwa wazazi nikawaambia nguzo zibomolewe zote. Nikasema pia kwamba nimemtukana mtu aliyenitoa motoni mara mbili. Mama Jepchirchir akaniuliza nani basi atajenga.

"Huyu Mzee," Kiptoo akasema. "Mimi nitashika nyundo."

Hapo machozi yalinitoka mbele ya watu, mimi mzee mzima.

Nyinyi mnaojua kazi zenu, msikae peke yenu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Hakuna macho yanayojiona kisogo. Chama si beji ya kifuani, ni watu wanaoweza kukwambia umekosea kabla ukuta haujasema.

Jioni hiyo niliandika barua ya kuomba uanachama. Palipotakiwa majina ya watu wawili wanaoijua kazi yangu, nilimwandika Kiptoo kwanza. Kisha, bila kuulizwa, nikaeleza kosa nitakaloanza nalo siku wakinipa nafasi ya kusimama.

Asubuhi nikaenda nayo posta ya Eldoret. Nikalamba gundi, nikaibana bahasha kwa kiganja, nikaisukuma ndani ya sanduku.