Injini Iliyolala Busi

Asubuhi ile injini ilikuwa ya moto, na tangi halijatiwa hata tone la petroli.

"Jua hilo," alisema Nazir.

"Jua lipi saa kumi na mbili asubuhi, Bwana Nazir?" alijibu Silvano, fundi wake.

Ilikuwa Dodoma, mwaka 1948. Nazir alikuwa akiunda gari la mbio la mtindo wa zamani: kiti kimoja, boneti ndefu kama jeneza, na injini ya ndege iliyoanguka kijijini Busi wakati wa vita, ikamteketeza rubani wake. Watu wa Busi walikuwa wameipaka majivu na mafuta ya kondoo. Silvano aliyasugua yote kwa mafuta ya taa. Fundi gani hufunga chuma kichafu? Hata mimi ningesugua, nami baiskeli imenishinda katika nchi tatu.

Siku ya tatu gereji ilianza kunuka nywele zilizoungua. Sherbanu, mke wa Nazir, alipopeleka chai, alisikia mwanamume akikohoa ndani ya boneti.

"Nazir, kitu chako kinakohoa," alinong'ona.

"Kina mafua." Nazir alicheka, lakini hakumtazama usoni.

Silvano akadandia lori mpaka Busi kwa mganga, Mzee Bashiri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mmeiosha?"

"Tumeiosha."

"Masikini! Jini lile lilimmaliza rubani, likabaki ndani ya chuma. Tulililaza kwa majivu na mafuta. Ninyi mmeliamsha, tena mmelitengenezea na kiti!" Akampa kopo la majivu na mafuta. "Ipake injini upya. Wahi, kabla hajakikalia mtu."

Hakuwahi. Adhuhuri ya kesho yake, kwenye tambarare ya Mtumba, Nazir alikokwenda kulijaribu gari, Silvano alimkuta Sherbanu amesimama vumbini, na gari likizunguka, likizunguka tangu asubuhi kwa petroli ya nusu saa, likinguruma bila moshi, na juu yake Nazir ameinua uso kama mtu anayetafuta njia mawinguni, midomo ikinong'ona lugha ambayo mkewe hakuijua, mpaka gari lenyewe likapunguza mwendo, likaja, likasimama mbele ya mwanamke yule, injini bado ikivuma.

Mikono ya Nazir haikubanduka kwenye usukani.

Silvano alichota majivu, akapaka ubavu wa injini. Mvumo ukapungua. Pumzi ya Nazir ikapungua pamoja nao. Akapaka tena, midomo ya Nazir ikawa zambarau.

"Acha!" Sherbanu alimshika mkono.

"Mama, nisipomaliza jini halilali."

"Ukimaliza, atabaki nani?"

Silvano alitazama kopo. "Sijui, mama."

"Basi iache ivume."

Kesho yake walibomoa ukuta wa chumba cha kulala, wakalisukuma gari ndani, Nazir akiwa juu yake, na Sherbanu akatandika kitanda chake kando ya boneti.