Viatu vya Dasom na Daraja la Yeongdo

Nyumbani kwetu Miryang, Jumamosi ni siku ya pilipili. Tunaamka kabla hakujapambazuka, tunaingia kwenye mabanda ya nailoni, tunachuma, tunapanga kwenye maboksi, na jioni lori la ushirika linakuja kuyabeba. Hakuna cha kulala wala cha kutembea. Ndiyo maana Bibi, mama yake Baba, alikuwa hajaliona daraja lake tangu lianze kuinuliwa tena.

Daraja la Yeongdo liko Busan, mji wa bandari, na huinuliwa Jumamosi tu, saa nane mchana, mara moja basi. Bibi alizaliwa ng'ambo ya daraja hilo. Alipokuwa mdogo, baba yake alimbeba mabegani ili alitazame lile dude zito likisimama ili meli zipite. Kisha likaacha kuinuliwa kwa miaka mingi, naye akaolewa huku kwetu. Kila lilipoonyeshwa kwenye televisheni, Bibi aliweka vijiti vyake vya kulia mezani akaacha kula. Mwaka huu Baba akasema potelea mbali, Jumamosi moja pilipili zitangoja.

Basi tukapanda treni: Bibi, Baba, Mama, mimi Boram, na mdogo wangu Dasom mwenye miaka kumi. Dasom alikuwa na viatu vipya vyeupe vyenye mstari wa zambarau, vile ambavyo nusu ya darasa lake wanavyo. Alikuwa amevililia mwezi mzima, na dukani ilikuwa imebaki jozi moja tu.

Asubuhi tulipanda Gamcheon, ule mtaa wa nyumba za rangi mlimani. Mpango ulikuwa rahisi: tutembee kidogo, tushuke, tule, halafu twende darajani. Lakini Dasom! Hatujafika hata kwenye ngazi za kwanza, akaketi.

"Nina kiu."

Akanunuliwa maji. Ngazi chache mbele, akaketi tena.

"Nataka kwenda chooni."

Tukamsubiri. Aliporudi, akashika ukuta na kuanza kupanda ngazi mojamoja kama anayepita juu ya mayai.

"We Dasom, umekuwa kikongwe?" nikamwambia. "Bibi mwenyewe ametupita!"

"Niache! Kwani nimekuomba unisubiri?"

"Usijibizane na dada yako," Mama akasema. "Una nini lakini? Unaumwa?"

"Siumwi."

Bibi alirudi ngazi zote alizokwisha kupanda, akamwinamia. "Mjukuu wangu, ni miguu?"

"Hapana, Bibi. Sipapendi tu hapa."

Alimwambia hivyo akimtazama machoni kabisa. Mimi nilitamani kumfinya. Baba alitazama saa, akatazama basi letu likiondoka pale chini bila sisi, akatazama saa tena. Baba akitazama saa mara mbili ujue amekasirika. Basi lililofuata lilichelewa, tena likaja limejaa. Tulisimama njia nzima, na Dasom akawa analia kimyakimya akitazama dirishani. Nikadhani anadeka. Nikamgeuzia mgongo.

Tulipofika mjini, muda ulikuwa umebaki kidogo, ila mkahawa wa supu ya nguruwe ulikuwa karibu na daraja. Baba akasema tule harakaharaka. Ulikuwa mkahawa wa kizamani, wa kukaa kwenye sakafu iliyoinuliwa. Tukavua viatu mlangoni, tukapanda, tukakaa. Dasom akabaki amesimama pale chini.

"Vua viatu, panda juu, mwanangu, supu inapoa," mama mwenye mkahawa akamwita.

"Sina njaa."

"Ala!" Baba akapaza sauti, na watu wakageuka. "Tangu asubuhi unatuchezea! Vua hivyo viatu uje ukae!"

"Sitaki! Nitasubiri nje!"

Bibi alishuka, akachuchumaa mbele yake, akafungua kamba. Kiatu kilikataa kutoka. Alipokivuta, Dasom akapiga ukelele. Soksi ilikuwa imelowa damu kisiginoni, na vidole vilikuwa vimevimba na kubanana. Mguu wa pili ulikuwa hivyohivyo.

"Mungu wangu!" Mama akaruka. "Si uliniambia vinakutosha? Si nilikubonyeza kidole pale dukani?"

"Nilikunja vidole," Dasom akasema kwa kwikwi. "Jozi ilikuwa moja tu, Mama. Ningesema vinabana, tusingevinunua."

Hasira yangu yote ikaniishia, ikabaki aibu. Baba akatazama saa.

"Mama, tangulia na Boram," akamwambia Bibi. "Mkienda sasa hivi mtaliwahi. Sisi tutamshughulikia huyu."

Mimi nilikuwa nimeshavaa viatu. Lakini Bibi alikuwa ameomba beseni la maji ya uvuguvugu.

"Daraja halitoki damu," akasema. Akaiweka miguu ya Dasom majini na kuisafisha taratibu, pole pole, huku akiipuliza. Mama mwenye mkahawa akaleta dawa na bendeji, akatoa na ndara za plastiki. Supu yetu ikapoa mezani. Bibi alikuwa anafunga kidonda cha mwisho king'ora cha kuinua daraja kilipolia.

Hapo ndipo Baba alipochuchumaa. "Panda mgongoni! Twende!"

Tukakimbia. Baba mbele na Dasom mgongoni, mimi nimemshika Bibi mkono, Mama nyuma na viatu vile vyeupe. Tulipopinda kona, magari yalikuwa yameshaanza kupita. Daraja lilikuwa limelala chini, barabara kama barabara nyingine yoyote. Watu walikuwa wanakunja miavuli ya jua na kuondoka.

Bibi alisimama kwenye ukingo, anahema. Dasom akaanza kulia kwa sauti juu ya mgongo wa Baba.

"Bibi, nisamehe. Ni mimi. Haidhuru, si ndiyo? Sema haidhuru, Bibi!"

Bibi yetu ndiye mtu wa haidhuru. Mkono ukiungua, haidhuru. Nyama isipotosha, haidhuru, hapendi nyama. Nilijua atasema hivyo. Hakusema.

"Inadhuru," alijibu. "Nimeumia, Dasom. Nimelingoja daraja hili muda mrefu mno, na leo nimelikosa."

Kwikwi zikakatika ghafla.

"Sikukasirikii kwa ajili ya kiatu kubana. Kila mtoto hupenda kitu kizuri. Lakini nilishuka ngazi zile zote kukuuliza, ukanijibu hapana. Ungesema ndiyo, tungenunua ndara asubuhi, na saa hizi tungekuwa tunapiga makofi. Ukificha maumivu yako, unawabebesha wenzako bila wao kujua wamebeba nini. Sasa mimi nimekwambia panaponiuma. Na wewe niambie panapokuuma."

Dasom akajifuta pua begani kwa Baba. "Kisigino cha kulia. Kinawaka. Na kidole kidogo."

"Haya. Hicho ndicho nilichotaka kusikia tangu asubuhi."

"Jumamosi ijayo tunarudi," Baba akasema, bado amemshikilia. "Pilipili tutazichuma Ijumaa."

"Nitachuma mimi," Dasom akasema upesi. "Safu yote ya Bibi."

"Na miguu hiyo?" nikamuuliza.

Akafikiri kwanza. "Labda nusu safu," akasema.