Mashuka ya Wodi na Kijiti cha Oili

Nyumbani kwetu tunafua nguo za watu. Ndiyo kazi yetu. Binti yangu na mume wake wanafua na kuanika. Mimi napiga pasi nikiwa nimekaa, maana miguu yangu imeshastaafu.

Uani kwetu kumemwagwa saruji. Maji ya sabuni yanateremka yenyewe mpaka kwenye mfereji. Gari letu dogo la mizigo tunaliegesha hapohapo uani, pua ikitazama mfereji. Dereva ni binti yangu.

Mwezi huo tulikuwa kwenye majaribio. Hospitali ilitupa mashuka ya wodi ya wazazi. Sharti lilikuwa moja: mashuka safi yafike kila asubuhi kabla madaktari hawajapita vitandani. Tukichelewa hata mara moja, kazi wanapewa wengine. Hatukuwahi kuchelewa. Ilibaki asubuhi moja tu.

Mchana wa kabla ya asubuhi hiyo ya mwisho, binti alirudi na mashuka machafu. Alipokuwa anaingiza gari uani, jirani yetu naye alikuwa mlangoni, amefuata ovaroli zake. Huyu jirani ni fundi wa magari. Ni mwanamke wa shoka, mtaa mzima unamwita Mama Spana. Akatega sikio.

"Injini inagonga kidogo," akasema. "Oili mmepima lini?"

Mkwe wangu akacheka. "Kupima? Taa ya oili haijawaka, Mama Spana. Gari hili lina akili kuliko mimi."

"Hilo sibishi," akajibu Mama Spana.

Binti yangu akaangua kicheko mpaka akaegemea mlango wa gari. Kisha akauliza, "Sasa dada, ile taa si ndiyo inatuambia oili imepungua?"

"Hapana. Kwenye gari kama hili, ile taa nyekundu haikwambii oili imebaki kiasi gani. Inakwambia oili haisukumwi vizuri ndani ya injini. Ikiwaka, huenda vyuma vimeshaanza kusagana vikavu." Akanigeukia mimi. "Bibi, wewe unapopiga pasi, unangoja uone moshi?"

"Nikiona moshi, shuka limeshaungua," nikasema.

"Basi na taa ni hivyohivyo. Inakuja mwishoni. Anayekwambia mapema ni kijiti cha kupimia."

Akafungua boneti akatuonyesha pete ndogo ya njano pembeni ya injini. Ndiyo kichwa cha kijiti chenyewe.

"Zima injini, ngoja kama dakika kumi oili ishuke chini. Chomoa kijiti, kifute kwa tambara safi. Kirudishe mpaka mwisho, kisha chomoa tena usome. Kuna alama mbili. Oili iwe katikati yake. Ila gari lisimame mahali pa usawa. Haya, mimi nina mteja gereji. Mkipima mniambie."

Akachukua ovaroli zake akaenda.

Mkwe wangu akasema, "Pa usawa si hapahapa tu?" Tukangoja. Akachomoa, akafuta, akarudisha, akachomoa tena. Oili ilikuwa kwenye alama ya juu kabisa.

"Mmeona?" akasema, kifua mbele. "Imejaa! Mama Spana anatafuta wateja tu huyo."

Akaenda zake kuanua nguo akipiga mluzi. Mimi nikarudi kwenye pasi. Binti akavuta beseni kubwa, akafungulia bomba ili aloweke mashuka. Maji yakapanda. Upande mmoja yakaanza kumwagika. Upande wa pili yalikuwa bado chini ya ukingo, unaweza kuingiza vidole vitatu.

Mwanangu amejaza beseni hapo tangu utoto wake, na siku zote humwagika upande uleule. Lakini siku hiyo alifunga bomba, akasimama akilitazama lile beseni. Akalitazama na gari.

"Mama," akaniita, "hapa uani ni usawa?"

"Usawa wa wapi, mwanangu? Marehemu baba yako alimwaga saruji hii kwa mteremko makusudi, ili maji yasituame."

"Basi na oili imeegemea upande mmoja kama haya maji. Kijiti kimetudanganya."

Hakubishana na mtu. Alitoa gari nje, akaliegesha mbele ya duka la mtaani, pale penye sakafu iliyonyooka. Akazima injini, akangoja. Mume wake akamfuata na tambara begani. "Mke wangu, tumeshapima."

"Tunapima tena. Kuna ubaya?"

Akachomoa kijiti. Kilikuwa kikavu, isipokuwa ncha tu ndiyo iliyolowa. Alama ya chini haikuguswa.

 Bila kuambiwa, mkwe wangu akatoka mbio kumwita Mama Spana.

Mama Spana alikuja, akalala chini ya gari, akamulika tochi. "Nati ya kumwagia oili imelegea. Aliyebadilisha oili mara ya mwisho hakuikaza sawasawa. Inavuja hii."

"Mbona hatujaona hata tone?" akauliza binti.

"Utaliona wapi, na uani kwenu kunaoshwa kutwa nzima? Likidondoka, maji ya sabuni yanalibeba."

Akaikaza nati. Akaongeza oili ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, kidogokidogo, akipima kila mara. "Msipitishe alama ya juu," akasema. "Ikizidi nayo inaharibu." Injini ilipowashwa, haikugonga tena.

"Mmeiwahi," akasema. "Kesho, kwenye kile kilima cha hospitali na mzigo wa mashuka, msingefika juu. Na taa pia msiidharau. Ikiwaka njiani, simameni mahali salama, zimeni injini palepale. Msiseme tutafika tu." Kisha akauliza, "Nani aligundua habari ya mteremko?"

Mkwe wangu akamnyooshea mke wake kidole. "Huyu."

"Nina vijana gereji, hilo wanasahau kila siku," akasema Mama Spana. Binti yangu akainamisha kichwa. Mimi sikuinamisha changu hata kidogo.

Asubuhi nikaomba niende nao. Gari lilipanda kile kilima bila kukohoa. Tulifika madaktari wakiwa bado wanakunywa chai. Nikakaa kwenye benchi la wodi, nikaona mama mmoja akilaza kichanga chake juu ya shuka letu, lina uvuguvugu wa pasi bado.

Muuguzi mkuu akapapasa kitanda kimoja baada ya kingine. Akamwambia binti yangu, "Mwezi mzima hamkuchelewa. Kazi ni yenu. Na wodi ya watoto je, mtaiweza?"

"Tutaiweza," akasema binti yangu, sauti imenyooka.

Tangu hapo, kila Jumapili gari linatolewa uani na kupelekwa mbele ya duka. Hata kama taa zote zimezimika, hata kama injini inaimba vizuri. Binti anapima, mume wake anashika tambara. Kisha wanachungulia chini ya gari, pale pakavu, kama pana tone.

Juzi dereva mmoja wa hospitali alikuja kwetu akamsifu mkwe wangu kwamba gari lake halisumbui. Mkwe wangu akatazama upande wa kamba za nguo.

"Usinisifu mimi," akasema. "Fundi wangu yule pale, anakunja mashuka."