Funda la Kwanza

Kila alasiri Mwavita alipotoka shule, alipitia kwa jirani kabla ya kufika kwao. Huo ulikuwa mwaka wa saba tangu Burundi ipate uhuru, na wa nne tangu mama yake amvushe ziwa kutoka mji wa Baraka wakikimbia vita vya Kongo. Pale mtaani Kanyosha, nyumba ya jirani huyo, Mama Médiatrice, haikukosa watu: huyu anachambua maharage, yule anasukwa, wa tatu ameleta habari ambazo wenzake wanazo tayari. Mwenye nyumba humimina mutobe, maji matamu ya ndizi mbivu, akapiga funda moja, kisha akampa Mwavita kikombe kilekile.

Mwavita hakuwahi kujiuliza kitu mpaka siku alipopata nne juu ya kumi katika hesabu. Médiatrice, binti wa nyumba ile waliyesoma naye darasa moja, alipata tisa.

"We huoni?" rafiki yake Prudence alimnong'oneza njiani. "Mama yake anakunywa kwanza, we unamalizia. Bahati yako anaimeza yeye, binti yake ndiye anashiba!"

"Usiniambie!"

"Mi sisemi kitu. Nauliza tu."

Maneno yale yalimwingia Mwavita kama funza kidoleni. Tangu hapo kila jambo likawa ushahidi. Mama Médiatrice akimwuliza habari za masomo, anapeleleza. Akicheka, ana lake. Asipocheka, analificha. Mutobe aliupokea kwa mikono miwili, akatoka nao nyuma ya nyumba, akaumwaga kwenye shina la mgomba.

Hata hivyo, alama hazikupanda. Mwalimu alipoandika hesabu ubaoni, Mwavita hakutazama ubao, alimtazama Médiatrice. "Ya nini kujisumbua?" alijiambia. "Bahati imekwisha kunywewa." Akapata tatu, kisha mbili. Mtihani wa kuingia sekondari ulibakiza wiki tatu, na akishindwa, angebaki ufukweni na mama yake kuanika ndagala, dagaa wa ziwani.

Jumapili moja, nyumba yao ikiwa imejaa wageni, Prudence akiwemo, Mama Médiatrice aliingia na binti yake na kibuyu kizima cha mutobe.

"Nimemletea mutoto wetu nguvu za mtihani!" alisema, akakiinua kinywani.

"Apana!" Mwavita alipiga kelele. "Usinywe bahati yangu!"

Mama yake alishika kichwa kwa aibu. Mama Médiatrice akaweka kibuyu chini taratibu.

"Kumbe ni hilo! Nilikuona ukimwaga mgombani, nikadhani mnatudharau. Nami nikanyamaza na donge langu. Sikia, mwanangu. Kwetu anayekupa kinywaji huonja mbele yako, ujue hakina sumu. Asiyeonja ndiye wa kuogopwa."

"Kwetu sisi mgeni ndiye hutangulia," mama yake Mwavita alisema kwa sauti ndogo. "Sikumweleza mutoto."

"Na zile nne?" Mwavita aliuliza, machozi yakimlengalenga.

Médiatrice akadakia, "Zilikuwa hesabu za sehemu! Zilifundishwa wiki uliyolala na malaria. Nilitaka kukupa daftari langu, ukanikimbia kama nina upele."

"Kama bahati ilikuwa ndani ya mutobe," Mama Médiatrice alisema, "mgomba wangu sasa ungekuwa sekondari!"

Watu wakacheka, hata Mwavita. Prudence alitazama miguu yake. "Mi niliuliza tu," alisema.

Kwa wiki zilizobaki Mwavita na Médiatrice walichora hesabu za sehemu kwa mkaa mlangoni, mpaka mlango ukakosa nafasi. Siku ya matokeo, wanafunzi ishirini walichaguliwa. Médiatrice alikuwa wa tatu. Mwavita alikuwa wa kumi na tisa, akaruka kama wa kwanza.

Mama yake alimshika bega mbele ya majirani wote. "Mwanangu, hakuna aliyekunywa bahati yako. Ulipoamini imekwisha, uliacha kufanya kazi. Ukimshuku mtu, muulize mwenyewe. Na ukishindwa, fungua daftari kwanza kabla ya kumtafuta mchawi."

Mwavita akamimina mutobe wa wageni. Macho yote yalikuwa kwake. Akainua kikombe, akapiga funda, kisha akampa Mama Médiatrice kwa mikono miwili.

Mama yule akachungulia ndani. "Funda kubwa hilo," alisema. "Umenibakizia kweli?"